Mkeka Katikati ya Wikio

Alhamdulillahi! Semeni nami, ndugu zangu, msinionee haya: Alhamdulillahi! Assalaam alaikum nyote mliopanda ngazi zetu leo, nyinyi majirani wa Langoni, na nyinyi jamaa zetu wa Siyu mliopandia chombo Mtangawanda mkaja na shuka zimelowa chumvi. Mimi sijazoea kusema mbele za watu. Mliyezoea kumsikia ni mama yangu, Bi Zena, mwalimu wa mabinti wa mtaa huu, yule pale kwenye mto mwekundu. Lakini yeye kaniambia leo nisimame mimi, na wamjuao wanajua kwamba Bi Zena akisema simama, mtu husimama.

Halua imeshakatwa na kahawa iko motoni, kwa hiyo sitawaweka sana. Mtu aliyerudishiwa wakati wake hana haki ya kula wakati wa wenziwe. Lakini nikinyamaza nitakuwa mtovu wa fadhila, maana Mwenyezi Mungu amenitoa mahali ambapo nilidhani nitazikwa humo. Nisikilizeni.

Ndugu zangu, mimi Mariamu sikuwa mvivu. Aliyewahi kuniona nimekaa bure na asimame aseme! Nilikuwa nikiamka kabla ya adhana na kulala miguu inaniwaka moto. Ugonjwa wangu ulikuwa mwingine: sikujua kusema "ngoja." Aliyeniita nilikwenda. Harusi ya nani, nami nimo jikoni. Maulidi ya nani, nami nakuna nazi. Chama cha ngoma ya lelemama kikishindana na chama kingine, nguo za sare naulizwa mimi, na magomvi ya sare nayaamua mimi. Watu wakanisifu, "Bi Mariamu ni mtu wa watu." Sifa tamu, jamani! Zilinilevya. Nilikuwa mtu wa watu hata nikawa si mtu wa nyumbani kwangu.

Bwana wangu Athmani, ambaye kila asubuhi huvuka kwenda Ras Kitau kukalafati mashua, kuziziba nyufa kwa pamba, alikuwa akirudi alasiri akinikuta napakua chungu kilichoungua. Hakugomba. Alikuwa akisema tu, "Mji mzima wala wali, nami nala ukoko. Haidhuru, sote twala." Nami nilicheka, wallahi nilicheka, kisha nikaitwa tena kabla hajamaliza kula.

Na mlango wa mambo yote hayo ulikuwa mmoja. Nyumba yetu ina wikio, mnaliona pale, hilo daraja la juu linalopita juu ya kichochoro na kuishikanisha nyumba yetu na nyumba ya Bi Rukia. Mama zetu walilijenga ili wanawake waonane bila kushuka njiani wala kuvaa buibui. Jambo la heri. Ila mila yake mnaijua: mwenye kupita wikioni hapigi hodi. Hodi ni ya mlango wa chini, ya wageni na wanaume. Wikioni mtu anakuja tu, na akishakuja ameshaingia, na akishaingia ana neno.

Bi Rukia, usiinamishe kichwa, mpenzi wangu. Nakutaja kwa mapenzi. Asubuhi alikuja kuomba kaa la moto. Kaa likishika, alirudi na mbuzi ya nazi aliyoazima juzi, na kuirudisha mbuzi kuna habari zake. Mumewe akanunua santuri, ya kwanza katika kichochoro hiki, na ikija sahani mpya ya nyimbo alikuja mbio kuniita: "Bi Mariamu, ndoo upesi usikie, imekuya nyingine!" Kisha ikaja redio ya betri. Hatukujua nusu ya maneno yanayosemwa mle, lakini tulikaa tukiitazama kana kwamba ina uso. Na nyuma ya Bi Rukia walikuja wa nyumba ya pili, na wa nyumba ya tatu, kwa kuwa nyumba zetu zote zashikana huko juu. Mtaa mzima ulikuwa ukipita chumbani kwangu.

Sasa sikilizeni kilichokuwa kinapotea.

Mama alipokuwa msichana Siyu alisomeshwa na shangazi yake, na shangazi yake alisomeshwa na bibi yake. Ni mnyororo wa wanawake, mmoja anampa mwenziwe. Mama akaja Amu kuolewa, akafungua chuo cha Kurani humu ndani, na mabinti wangapi wa Langoni hawakuanza alifu kwenye mkeka wake? Mimi ni mtoto wake wa pekee. Chuoni kwetu twaanza na sura fupi za mwisho wa msahafu, tukipanda kidogo kidogo kuelekea mwanzo. Nilifika nusu, nikaposwa, nikaolewa. Mama akasema, "Iliyobaki utanisomea ukishatulia." Ndugu zangu, kutulia kwenyewe kukawa kama mkia wa mbuzi, haufiki chini hata siku moja! Miaka ikapita. Na asiyehitimu mbele ya mwalimu wake hawezi kupewa chuo. Mama akifa, mnyororo unakatikia mkononi mwangu, na mabinti wanabaki na santuri.

Tena macho yake yakaanza kuingia ukungu. Siku moja akaniita, akanishika mkono. "Mwanangu, mato yangu yanniaga. Masikio yangali mazima. Nisomee maadamu nasikia."

Nikamwambia kesho, Mama, inshallah. Na ile kesho niliikusudia kwa moyo wangu wote.

Kesho yake aliswali alfajiri, akaweka marufaa, kile kibao cha kukunja cha kuwekea msahafu, akauweka msahafu juu yake, akaufungua pale pale nilipoachia nilipokuwa mwari. Akaketi. Mimi nikasema nibandike chai kwanza. Kwenye chai akaja wa kaa la moto. Wa kaa akasema kule kwa fulani posa imerudishwa, njoo ukawatulize. Kule nikakuta mtoto kameza kokwa. Kutoka hapo nikapita kwenye harusi, maana isingekuwa adabu kupita mlangoni bila kuingia, na harusini kuna mtu asiyejua kupima viungo vya pilau. Niliporudi adhuhuri imekwisha adhiniwa. Mama alikuwa amelala hali ameketi, kidole chake kiko kwenye mstari ule ule. Alikuwa amenishikia mahali, nisipapoteze.

Nililia. Lakini kulia hakurudishi asubuhi.

Haukupita muda, homa ikamshika. Ilimshika vibaya, nyinyi mliokuja kumwangalia mnakumbuka. Tabibu akaja, akatoka bila kutazama mtu usoni. Mchana mmoja niko naye peke yangu, namkanda kwa kitambaa cha maji, akaanza kusoma. Macho yamefumba, mwili unawaka, naye anasoma kwa ghibu, sauti nyembamba lakini kila herufi mahali pake. Alianzia pale pale nilipoachia! Akasoma kidogo, akakatika pumzi, akasema, "Endelea, mwanangu."

Ndugu zangu! Sikuwa na neno la kumwendelezea. Nilijua majina ya maharusi wote wa mwaka ule, nilijua nani kagombana na nani, nilijua nyimbo za santuri upande huu na upande wa pili, na mama yangu yuko baina ya dunia na akhera ananiambia endelea, nami aya inayofuata siijui. Akangoja. Akasema tena, "Endelea." Nikaweka kichwa changu kitandani pake, nikasema: Yaa Rabbi, nirudishie mama huyu, na asubuhi zangu ni zake mpaka nihitimu. Hiyo ndiyo nadhiri yangu, na hapo ndipo nilipomwita Mungu kwa kweli, si kwa mazoea.

Na Yeye ni Mwenye kusikia! Homa ikateremka. Siku ya kwanza alikunywa uji. Siku ya pili alimgombeza kijakazi wa jirani kwa kuufanya uji mzito, nami nikajua mama yangu amerudi! Ahsante, yaa Rabbi! Nilitaka kucheza lelemama peke yangu humu ndani.

Basi mtadhani hapo mambo yakawa shwari. Wapi! Nadhiri umeweka moyoni, wikio liko pale pale. Nilianza kusoma chumba cha ndani kabisa. Bi Rukia akaingia, akanikuta, akasema, "Ah, kumbe we waketi tu! Ndoo basi." Kwake mtu aliyeshika msahafu bila ya maiti wala Ramadhani alikuwa ameketi tu. Nikahamia darini, juu ya paa, juani. Wakanifuata darini, wakasema pana upepo mzuri, wakaketi. Mwisho nikakasirika, nikaufunga mlango wa wikio kwa komeo. Lo! Haijafika jioni mtaa mzima unasema Mariamu amewafungia majirani wikio la mama zao. Kufunga wikio ni kama kumwaga maji machafu mlangoni kwa mtu. Bwana wangu aliyasikia maneno hayo huko Ras Kitau, ng'ambo ya bahari, kabla hayajakauka! Nikafungua kwa aibu, nikaenda kwa mama, nikamwambia: Nikiliacha wazi naliwa, nikilifunga natengwa. Nifanyeje?

Mama akachezea tasbihi yake. Kisha akauliza, "Wikio limefagiwa?"

Nikasema limefagiwa.

"Lina najisi yoyote?"

Nikasema halina.

"Basi tandika mkeka huko. Katikati. Uweke na marufaa."

Nilimtazama nikidhani ni masazo ya homa. Lakini nilitandika. Wikio letu ni jembamba, mkeka wa sala unalijaza kutoka ukuta hadi ukuta. Alfajiri tulipokwisha kuswali nilimshika mkono, tukaketi hapo, mama upande mmoja, msahafu katikati, mimi upande mwingine, na mlango wa Bi Rukia u wazi mbele yetu. Nikasema Bismillahi, nikaanza pale pa kidole chake.

Hatujafika mbali, huyo anakuja! Mkono mmoja kikaango, mwingine umeshika leso. Akafika mkekani, akasimama. Akatazama kushoto, ukuta. Akatazama kulia, ukuta. Msahafu uko wazi miguuni pake. Mimi sikuinua uso.

"Bi Mariamu! Wanifungia ndia? Ndia ya mama zetu?"

Mama ndiye aliyejibu, kwa upole, kama anamkaribisha mtu chai. "Ndia haikufungwa, Bi Rukia. Iko Kurani ndiani. Ukitaka kupita, ruka."

Subhanallah! Nani katika mji huu wa Amu ataruka Kurani? Kwa ajili ya kikaango? Alisimama pale mpaka nikamaliza ukurasa. Kisha akasonya, akageuka, akarudi zake. Na mimi nikaendelea kusoma! Tangu niolewe, ilikuwa asubuhi ya kwanza niliyoimaliza nikiwa mahali nilipoianzia.

Alinuna, sitawaficha. Alinuna, nami ilinichoma, kwa sababu nampenda. Akapita akisema Mariamu ameingia uwalii. Lakini ona hekima ya mama, ndugu zangu. Mlango wa chini haukufungwa. Mwenye haja kweli angeweza kuvaa buibui, akashuka ngazi zake, akazunguka kichochoro, akapiga hodi, na angefunguliwa saa yoyote. Na nini kilitokea? Haja zikapukutika! Kaa la moto halikustahili buibui. Mbuzi ya nazi haikustahili buibui. Posa ya fulani haikustahili buibui, ikatulia yenyewe bila ya mimi. Nikajifunza kipimo ambacho nakitumia mpaka leo: neno lisilotosha kuvaliwa buibui, na lingoje jua lifike dirishani.

Kwa kuwa jua likifika kwenye dirisha la wikio nakunja mkeka, nauweka msahafu mahali pake, na Bi Mariamu ni wenu tena. Sikuacha harusi wala matanga. Mliponiona sijafika mapema mlinikuta nimefika na akili yangu. Na siku zangu za udhuru, ambazo siwezi kuugusa msahafu, mkeka ulitandikwa vile vile, mama akasoma kwa ghibu, mimi nikasikiliza. Alisema nafasi ikiachwa tupu hata siku moja, wa kwanza kuikalia si wewe. Basi hatukuiacha.

Asubuhi moja hodi ikapigwa chini, hodi ya nguvu. Nikachungulia. Bi Rukia amevaa buibui! Nikajua hapana mchezo. Niliufunga msahafu, nikaubusu, nikashuka ngazi mbili mbili. Binti yake alikuwa ameshikwa na uchungu kabla ya siku zake, ameanguka, hapana mtu nyumbani. Nikamwuliza, "Kwa nini hukuniita wikioni? Sauti yako ningeisikia!"

Akaniambia, "Ningalikwita, ungalidhani ni santuri."

Nilijua ni kweli. Nikamtuma amwite mkunga, mimi nikakaa na binti nikamshikilia mpaka mkunga akafika. Mtoto aliyezaliwa siku ile ndiye anayepiga kelele hapo nyuma tangu nianze kusema, mashallah, mpeni kipande cha halua. Nami nilirudi jua limeshapita dirishani. Mama alikuwa bado ameketi. Sikupata kuomba radhi, akasema, "Kurani haikuondoka. Keti." Tukasoma jua likituchoma mgongoni, na kusoma kule kulikuwa kutamu.

Hivyo tulivyokwenda, ukurasa kwa ukurasa, sura kwa sura. Nilikosea, akanirudisha. Herufi nilizozisahau kooni akanivutia moja moja. Ukungu wa macho yake ukazidi kuwa mzito, mpaka hakuona tena rangi ya mkeka, nami nikawa na hofu, nikiwahi na kuwahi. Jana, ndugu zangu, alfajiri ya jana, tulifika mwisho wa ile sura ndefu ambayo kwenye msahafu huifuata Fatiha na kwetu ndiyo ya mwisho. Zilibaki aya chache. Nilisoma polepole, sikutaka ziishe. Zikaisha.

Mama akasema, "Amin." Kisha akainamisha kichwa. Nikadhani analia, nami nikaanza kulia. Kumbe anasikiliza.

"Iko mtu upande wa pili," akasema. "Nasikia pumzi."

Nikainua uso. Kule ndani ya mlango wake, gizani kidogo, ameketi Bi Rukia sakafuni. Kikombe cha kahawa kiko mkononi, hata mvuke hakina. Si jana tu. Alikuwa akikaa pale asubuhi nyingi, mimi nisijue, kwa kuwa nilikuwa na adabu ya kutoinua uso. Aliona haya, akasema, "Sikupata pa kupita, nikaketi." Kisha akasema neno nisilolitarajia kutoka kwake: "Bi Zena, mimi niliishia sura kumi tu. Nianzie wapi?"

Mama akacheka, kicheko nilichokuwa sijakisikia tangu kabla ya homa. "Usiniulize mimi," akasema. "Mwulize mwalimu." Akanyoosha mkono wake hewani, akautafuta mkono wangu, akaushika, akauweka juu ya msahafu.

Ndugu zangu, hivyo ndivyo nilivyopewa chuo. Mnyororo wa Siyu haukukatika! Mama yangu yu hai, yuko pale, anajifanya hasikii ninavyomsifu. Nimepumua, wallahi nimepumua, kama mtu aliyetuliwa mtungi kichwani. Alhamdulillahi hamdan kathiran!

Na wewe unayenisikiliza, usiseme huna wakati. Mungu amekupa, umeibiwa ukicheka na wezi. Usiwafukuze, ni ndugu zako, na mlango usiufunge. Weka tu katikati ya njia kitu ambacho hapana mwenye imani atakikanyaga, kisha uketi hapo, umtegemee Aliyekuumba. Na kesho ukija kwangu kwa njia ya juu ukaukuta mkeka umetandikwa, usinung'unike, mpenzi. Ukitaka kupita, ruka. Na ukishindwa kuruka, keti. Iko nafasi karibu na Bi Rukia.